Seva Iliyofundishwa Utani

Ukitaka kumuudhi Evarista Chilumba, mwambie kwamba kazi yake ni kuangalia kompyuta. Atakutazama kuanzia viatu hadi utosini, ataweka kikombe chake cha chai mezani taratibu, na atakueleza, utake usitake, kwamba yeye haangalii kompyuta. Yeye ndiye mwenye seva. Na katika ofisi ya Shubaka, ghorofa ya tatu pale Mchafukoge, juu ya duka la vipuri vya pikipiki, hakuna kitu kinachotoka kwenda kwa wateja bila kupita kwenye seva ya Evarista.

Maringo hayo ameyatolea jasho. Alikuja Dar kutoka Masasi akiwa na cheti cha chuo na begi la kuazima, akaajiriwa kupokea simu za wenye maduka waliokwama. Kutwa nzima alikuwa anawaambia watu wazima wazime simu wawashe tena. Kati ya simu moja na nyingine alikuwa anachungulia wenzake wanavyoandika programu, anauliza, anafukuzwa, anarudi kuuliza. Sasa ndiye mhandisi anayeamua nini kiko tayari kutoka na nini hakiko tayari. Mama yake huko nyumbani bado anawaambia majirani kwamba mwanawe anafanya kazi ya simu, na Evarista kila akienda likizo anamsahihisha mbele ya watu.

Shubaka yenyewe ni programu inayokaa kwenye simu. Wafanyabiashara wa jumla wa Kariakoo wanaitumia kujua stoo kumebaki nini, kimeuzwa nini, na tawi la pili lina mzigo gani. Vijana wa ofisini kila mmoja anaandika kipande chake cha programu, na akimaliza anakipandisha kwenye seva. Seva inachukua vipande vyote, inaviunga, kisha inavijaribu kimoja kimoja, kama fundi nguo anavyovuta mshono aone utaachia au hautaachia. Vikishika vyote, inatengeneza toleo jipya na kulipeleka kwenye simu za wateja. Kimoja kikiachia, inakataa kila kitu, hata vipande vya wale wasio na kosa. Halafu inaandika barua pepe kwa ofisi nzima kusema kazi imefeli na nani ameifelisha.

Barua hizo, wacha niseme ukweli, zilikuwa karaha. Ziliandikwa kwa Kiingereza cha watu wasiotujua, zina kichwa kile kile siku zote, na chini yake mistari mirefu ya takataka ambayo hata aliyeitunga sidhani kama aliisoma. Kitu pekee kilichosomeka kirahisi kilikuwa jina la mkosaji, kwa herufi nene. Zilikuja nyingi mno, basi kila mtu akaziwekea kabrasha lake la pembeni, wakawa wanazichungulia kwa kona ya jicho. Evarista alijua hivyo, na lilimkera, lakini alikuwa bado hajaligusa.

Mwanzilishi wa haya yote ni Mzee Hamud. Alikulia nyuma ya kaunta ya duka la vitambaa la baba yake, Kariakoo, na alinunua kompyuta yake ya kwanza wakati ndugu zake walidhani amenunua televisheni mbovu. Jina la Shubaka ni lake pia, kwa kukumbuka kile kijidirisha kipofu ukutani ambamo marehemu baba yake alikuwa anaweka vitu asivyotaka vipotee. Siku hizi kampuni inaendeshwa na mwanawe, Asad, kijana mpole mwenye mashati yasiyokunjamana. Lakini Mzee alijibakizia kipande kimoja cha programu, nacho ni vipimo: dazani, korija, robota. Korija ya vitenge ni vipande ishirini, robota, yaani furushi zima la vitambaa, likifunguliwa linatoa korija ngapi, yote hayo aliyaandika yeye, na hakuna aliyethubutu kuyasogelea.

Ndiye pia aliyemtoa Evarista kwenye simu. Siku moja alisimama nyuma ya kiti chake, akamsikiliza anavyomweleza mteja, kisha akamwambia mtu anayeweza kumwelewesha mwenye duka aliyekasirika anaweza kuielewesha mashine, maana mashine haina hasira. Akamwekea kiti pembeni ya meza yake na kumfundisha, mstari kwa mstari, kwa subira ambayo Evarista hajaiona kwa mwalimu yeyote. Kwa hiyo unapomsikia Evarista anasema Mzee, jua anamsema mtu ambaye yeye angekubali kukatwa mkono kwa ajili yake.

Balaa lilianza Idd ilipokuwa inakaribia. Bi Hajira, muuzaji wa jumla wa kanga na vitenge Mtaa wa Sikukuu, alikuwa amelalamika kwamba akifungua robota dukani, programu haimpunguzii stoo sawasawa. Mzee Hamud alilichukua jambo hilo mwenyewe, akaliandika upya, akalipandisha, akaendelea na mengine. Siku zikapita, Bi Hajira haoni mabadiliko. Akapiga simu, akaahidiwa. Akapiga tena, akaahidiwa tena. Mwishowe alipanda ngazi mwenyewe, mwanamke mzito mwenye magoti mabovu, akafika juu anahema, akavuta kiti bila kukaribishwa.

"Nimewavumilia kwa ajili ya Mzee," alisema. "Lakini Idd hainingoji mimi wala nyinyi. Kuna vijana kule Mtaa wa Narung'ombe wana programu yao, na wao mtu akisema linasikika."

Mzee Hamud alishangaa kwa dhati. Alimwambia mbona hilo alishalitengeneza siku nyingi, akatoa simu yake mwenyewe, akamwonyesha: robota linafunguka, korija zinahesabika, stoo inapungua. Ilikuwa ni simu yake ya kujaribia, ambayo inapata kazi zake hata kabla ya seva kuzipitisha. Bi Hajira akafungua ya kwake, hakuna kitu. Mzee akamuuliza kwa upole labda simu yake ni ya zamani. Bi Hajira akamtazama, akamtazama tena, akaondoka bila kuaga vizuri.

Na wakati wote huo ofisi nzima ilikuwa imeinamisha vichwa. Maana wote walijua. Kazi ya Mzee ilikuwa imefeli kwenye seva tangu siku aliyoipandisha, na kila siku seva ilikuwa inaandika barua yenye jina lake kwa herufi nene, na kila mtu alikuwa anaichungulia, anashtuka, anaifuta. Mazin, mpwa wake, kijana mdogo kuliko wote, alisema moyoni si kazi ya mtoto kumwambia mjomba amekosea. Wilbert, anayeandika programu meza ya jirani, alisema yeye si wa familia. Evarista alisema, na hili lilimuuma baadaye kuliko yote, kwamba Asad atamwambia, ni mwanawe. Asad alisema mwana hamwambii baba yake jambo kama lile mbele ya watu, na faraghani hakupata pa kuanzia. Kulitengeneza kosa bila kumwambia ilikuwa vibaya zaidi, ni kumpokonya mtu kijiko mkononi. Basi heshima ikafanya kazi yake, na Bi Hajira akakosa huduma kwa sababu watu wote wana adabu.

Mzee alipotoka kwenda kuswali adhuhuri, Asad aliwakusanya. Hakupandisha sauti, hana tabia hiyo. Alisema ikifika Ijumaa atamwondolea baba yake ruhusa ya kupandisha kazi kwenye seva, na atamwambia tu kwamba mfumo umebadilika. Vipimo atakabidhiwa Wilbert. Wilbert aliangalia sakafu.

Evarista alihisi uso unawaka. Kumwondolea Mzee ruhusa ile ni kumwambia abaki nyumbani anywe kahawa, tena kumwambia kwa uongo.

"Kaka Asad," alisema, "Mzee hajaambiwa hata mara moja kwamba amekosea. Unamhukumu kwa kesi asiyoisikia."

"Nani amwambie? Wewe?"

Hapana, si yeye.

"Seva imwambie," alisema.

"Seva inamwambia kila siku, Eva."

"Kwa lugha ile hata mimi sisikii. Niachie mpaka Ijumaa, nizibadilishe hizo barua."

Asad alikubali, nadhani kwa sababu na yeye alikuwa anatafuta pa kupumulia.

Sasa, watu wengi hawajui kwamba barua za seva zinaweza kubadilishwa. Wanazipokea kama zilivyokuja, kama mtu anayevaa suruali ndefu akaikanyaga mpaka ichakae badala ya kuikunja pindo. Seva ina kiolezo, yaani mfano wa barua wenye nafasi tupu, na kila ikitaka kuandika inajaza nafasi hizo: jina la mtu, kipande kilichoachia, kilichotarajiwa, kilichopatikana. Maneno yanayozunguka nafasi hizo unaweza kuyafuta yote ukaweka ya kwako. Unaweza kuamua kichwa kiseme nini, barua ipelekwe kwa nani, kosa la aina hii liseme hivi na la aina ile liseme vile. Evarista alikata takataka yote siku ya kwanza, na alikata kwa raha. Alibadilisha kichwa ili barua isidumbukie tena kwenye makabrasha ya pembeni. Kisha akafika kwenye maneno yenyewe, akaandika kama alivyolelewa.

Barua ilianza kwa shikamoo. Ikauliza afya ya Mzee na ya nyumbani. Ikaomba radhi kwa usumbufu, ikasema haikusudii kumkosea mtu adabu, ikashukuru kwa mchango wake mkubwa katika kampuni, na huko chini kabisa, kwa unyenyekevu, ikadokeza kwamba pengine, endapo atapata nafasi, angetupia jicho kipande cha vipimo. Evarista aliisoma akaipenda. Kesho yake Mzee alipandisha kazi, ikafeli, barua ikaenda kwa wote. Muda si muda likaja jibu la Mzee, nalo kwa wote:

"Marahaba, binti yangu. Sisi wazima, alhamdulillahi. Nimefurahi kwamba seva sasa inasalimia. Wasalimie nyumbani."

Na akaendelea na kazi zake, kwani hakufika chini. Nani anafika chini ya barua ya salamu? Mazin alicheka mpaka akatoka nje kwenye ngazi. Asad hakucheka, alimtazama tu Evarista kwa huruma, na huruma hiyo ilimchoma kuliko kicheko. Fundi mwenye fahari yake akionewa huruma kazini, afadhali umtukane.

Jioni ile alishuka kwa miguu mpaka Magogoni kuvuka kwenda kwake Kigamboni, kichwa kizito. Wakati wa kungoja pantoni alisimama nyuma ya mzee mmoja aliyetoka soko la Feri na mfuko wa samaki, ameshikwa mkono na mjukuu wake wa kike. Yule mtoto alichungulia mfukoni, akaziba pua, akamuuliza babu yake kwa sauti ya kusikika na kila mtu, huyu samaki wamemuuzia au wamemwomba akamzike. Watu wakacheka. Babu akacheka kuliko wote, akasema ana mafua, hakusikia harufu, na akageuka palepale kurudi kudai samaki mwingine. Mke au mwana angesema neno lile, pangechimbika.

Evarista alikumbuka kwao. Babu yake alipovaa shati nje ndani siku ya Jumapili, wakubwa wote walimwona, na hakuna aliyefungua mdomo. Walikuwa wanamtuma yeye. "Nenda kamtanie babu yako." Naye anakwenda mbio, anamuuliza babu kama leo anaingia kanisani kwa kurudi kinyumenyume, na babu anacheka, anavua, anageuza shati. Mjukuu na babu ni watani, na mtani hakosi adabu, kwani hiyo ndiyo adabu yenyewe. Tena anasema mbele za watu, maana utani wa pembeni ni kusengenya. Alipanda pantoni akiwa anatabasamu peke yake, mama mmoja akasogea mbali naye kidogo.

Basi seva ikawa mjukuu. Alikaa nayo siku nzima, na nakuambia hakuna kazi aliyoifanya kwa mapenzi kama ile. Kila mtu alimtungia kiolezo chake, kwa sababu watu hawataniwi kwa namna moja. Mazin alitaniwa kwa timu yake inayofungwa kila wiki. Wilbert alitaniwa kwa ubahili wake wa vitumbua. Kila aina ya kosa ilipata neno lake, na kila neno lilikuwa na nafasi tupu ya kujazwa na kitu cha kweli, maana utani usio na ukweli ndani yake ni matusi. Kosa likatajwa juu kabisa, wazi, kwa mistari michache, na chini yake mahali pa kwenda kulitengeneza. Alijitumia barua hizo mwenyewe kwa majaribio, akarekebisha, akajitumia tena. Nyingine zilikuwa kali, akazipunguza. Nyingine hazikuchekesha, akazitupa bila huruma.

Alhamisi asubuhi Mzee Hamud alipandisha kipande chake cha vipimo. Seva ikakivuta mshono, ukaachia. Simu na kompyuta zote za ofisi zikalia kwa pamoja.

"Shikamoo babu. Korija yako ya leo ina vipande 19. Kariakoo nzima inahesabu 20. Hicho kimoja umemhonga nani? Kipo kwenye faili la vipimo, sehemu ya korija. Kirudishe, mzigo wa Bi Hajira uondoke. Mjukuu wako, Seva."

Mazin aliinama kufunga kamba za viatu visivyo na kamba. Asad alikuwa amesimama mlangoni na simu mkononi, na rangi ilikuwa imemtoka. Mzee alikuwa anasoma, ameisogeza simu karibu na uso. Alisoma polepole, akarudia.

Kisha mabega yakaanza kutikisika. Alicheka kicheko cha tumboni, cha mtu aliyekuwa amekisahau, mpaka akavua kofia akajipangusa nayo macho. Alisema vipande kumi na tisa, kweli amehonga, na aliyehongwa hata hamkumbuki. Akavuta kiti, akalifungua faili, akalitafuta kosa, na hakutoka hapo mpaka alipolipata na kulinyoosha. Akapandisha tena. Safari hii mishono yote ilishika, na toleo jipya likaenda zake Kariakoo. Kabla ya swala ya adhuhuri Bi Hajira alipiga simu. Hakushukuru, si mtu wa kushukuru, ila aliuliza kama watafungua siku ya Idd pili, na pale ofisini walijua kwamba amebaki.

Lakini Mzee hakuwa amemaliza. Barua ile ilikuwa imemtia hamu, akaenda kulifungua kabrasha lake la pembeni, lile asilolifungua miezi. Akakuta jina lake. Akakuta tena, na tena, kwa herufi nene. Akageuza kiti akawatazama, na sasa hakuwa anacheka.

"Hizi mlikuwa mnazipata?" aliuliza. "Nyote?"

Evarista ndiye aliyesema ndiyo.

"Kumbe nilikuwa naanguka mbele yenu kila siku, na asubuhi mnanipokea kwa shikamoo. Mlinistahi mpaka mkanizika. Tangu niitwe Mzee hapa hakuna mtu aliyenitania, na mimi nikadhani sikosei. Kuanzia leo nitaniwe. Siku nikishindwa kuitania seva na mimi, hapo nitarudisha mwenyewe ruhusa ya kupandisha kazi."

Hakuna aliyemwambia habari za Ijumaa, na hakukuwa na haja ya kumwambia. Evarista alikuwa amekaa wima kwenye kiti chake kama aliyepigwa picha. Furaha aliyokuwa nayo ilikuwa na maumivu ndani yake, maana na yeye alikuwa miongoni mwa waliozika, lakini ilikuwa furaha bado, na hakuificha.

Ijumaa ilifika. Baada ya swala, wengine wakiwa bado chini wananunua mihogo, Asad alikuja mezani kwa Evarista akavuta kiti. Alimwambia ruhusa ya baba haondoi. Kisha akawa anaipangusa meza kwa kidole ingawa haikuwa na vumbi.

"Yale makosa siyo ya akili, Eva," alisema mwishowe. "Ni macho. Saba anaiona moja. Nyumbani anamimina chai nje ya kikombe, halafu anasema kikombe kimesogezwa. Marehemu mama ndiye angemwambia. Mimi nafungua mdomo, naufunga."

Ndipo Evarista alipoelewa kwamba kijana huyu hakutaka kumvua baba yake ruhusa kwa sababu ya wateja wala biashara. Alitaka asilazimike kulisema lile neno. Asad akamwomba aliweke kwenye barua ya seva, amwandikie.

Evarista alikataa kuandika. "Maneno ya Mzee na mwanawe siyatungi mimi," alimwambia. "Yaseme, mimi nachapa."

Basi Asad akasema, anasita, anarudi nyuma, anafuta, na Evarista anachapa bila kumtazama usoni. Kisha Evarista akaiwekea barua ile sharti lake: itoke mara moja tu, siku ambayo Mzee ameandika moja mahali pa saba. Na hii hakuituma kwa wote. Shati lililogeuzwa unaweza kulitania mbele ya watu, ila afya ya mtu ni yake. Aliiandikia anwani moja tu, ya Mzee.

Haikuchukua siku nyingi. Ilikuwa saa za asubuhi, madirisha yako wazi, chini fundi anajaribu honi za pikipiki. Mzee alipandisha kazi, ikafeli, na safari hii simu moja tu ndiyo iliyolia. Wengine hawakujua. Evarista alijua, kwa sababu alama nyekundu ya kufeli ilikuwa mbele yake, na Asad alijua, kwa sababu alimwona Evarista ameacha kuchapa.

Mzee aliisogeza simu usoni. Alisoma. Akanyanyuka na simu yake mkononi, akasimama katikati ya chumba, na akaisoma kwa sauti, polepole, kama mtu aliyeletewa habari njema.

"Babu. Saba na moja hazijawahi kuwa mapacha. Macho yako yamefanya kazi tangu dukani kwa baba yako, yamechoka, na si aibu. Kuna mtu hapa anataka kukupeleka kwa daktari. Anakuogopa kwa sababu anakupenda. Mjukuu wako, Seva."

Honi ililia huko chini, ikanyamaza. Mzee Hamud aliivua miwani yake isiyomsaidia tena, akaitia mfukoni.

"Mjukuu wangu namjua," alisema. "Ana mdomo mchafu. Hii siyo sauti yake." Akageuka mpaka akamwona mwanawe. "Asad, baba. Tunaenda lini?"

Asad alinyanyuka kitini.

"Hata sasa hivi, baba."

"Basi twende."

Akamwendea baba yake, akamshika mkono, na Mzee hakuuondoa. Walishuka ngazi pamoja, taratibu, Asad anamtajia kila ngazi inapoanza, na Mzee anamjibu kwamba ngazi hizi alizipanda kabla yeye hajazaliwa, lakini anaendelea kumsikiliza.

Evarista alibaki anaitazama seva yake, ile alama nyekundu ambayo safari hii hakuwa na haraka ya kuiona inageuka kijani. Mazin, ambaye hakuwa ameelewa nusu ya mambo yaliyopita, alimsogelea akamuuliza kwa woga dada Eva mbona unalia.

"Silii," Evarista alisema. "Naringa."